Mbwa mchanga wa kuwinda na fereti: kuwalea pamoja, kuwatenga kwa waya, au kumshika mkononi?

Fereti ameingia kwenye shimo la sungura. Mbwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa shimo, masikio mbele, mguu mmoja juu. Chini ya ardhi kunasikika kishindo, kisha kimya, kisha kitu chenye manyoya kinachomoza. Kama ni sungura, ni kazi ya mbwa. Kama ni fereti, mbwa atulie kana kwamba ameona jani limepeperuka. Muda wa kuamua hautoshi hata kupepesa jicho, na mbwa akikosea hakuna wa kusahihisha: fereti jike aliyekomaa mara nyingi hafikii kilo moja, na teria, mbwa mdogo aliyezaliwa kuua panya, humaliza mnyama wa ukubwa huo kwa mtikiso mmoja wa shingo.

Nimeanza na mdomo wa shimo kwa sababu watu wengi huanza na sebule. Huuliza ni lini mbwa na fereti watalala kwenye mkeka mmoja, wapigwe picha, na mambo yaishe. Amani ya nyumbani ni nzuri na ninaipenda, lakini njia ya kumzoeza mbwa wa kuwinda lazima ipimwe kwa kile kitakachotokea shimoni miezi kadhaa baadaye. Kwa kipimo hicho nitalinganisha njia tatu ambazo wenye mbwa na fereti huzitumia zaidi, na ya nne ambayo ningefurahi ikiachwa kabisa.

Kwa asiyemfahamu, fereti ni mnyama mrefu, mwembamba, wa jamii moja na kicheche, nyegere na fisi-maji. Binadamu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2000, na kazi yake ya asili ni kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwakimbiza nje. Dume anaweza kufika kilo mbili, jike huwa mdogo zaidi. Haoni mbali, hutegemea pua na masikio, na hulala kati ya saa 14 na 18 kwa siku. Hili la usingizi litatufaa baadaye.

Kwanza distempa

Ugonjwa wa virusi uitwao distempa ya mbwa ukimpata fereti humuua karibu kila mara. Kwa hiyo mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo anaweza kuwa mpole kama njiwa na bado akaleta kifo nyumbani. Fereti naye achanjwe, kwa ushauri wa daktari wa mifugo anayewajua wanyama hawa.

Hapa pana mvutano wa kweli. Mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi zaidi kuanzia wiki ya 3 hadi wiki ya 12 au 14 hivi ya maisha yake. Chanjo zake nazo kwa kawaida huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka afike wiki 16. Ukisubiri chanjo ziishe, umri mwororo umeshapita. Ukiukimbilia umri ule, unamhatarisha fereti.

Mimi hupita katikati, kwa harufu. Nachukua kitambaa alicholalia fereti na kukiweka karibu na malazi ya mtoto wa mbwa tangu siku ya kwanza anapofika. Anakinusa, anakilalia, anakisahau. Kitambaa hutoka kwa fereti kwenda kwa mbwa, kamwe hakirudi, na mikono huoshwa kila ninapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Chanjo zinapokamilika, harufu ile kali ya fereti imeshakuwa harufu ya nyumbani. Kazi yote haijaisha, lakini sehemu nzuri imefanyika bila hatari.

Viroboto navyo huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo tibu wote kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa aliyoandikiwa yeye. Na kama ni wewe mwenye homa ya mafua, ahirisha mazoezi. Fereti huambukizwa mafua ya binadamu.

Kuwalea pamoja

Njia hii huvutia mno, na si vigumu kuona kwa nini. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa wa miezi minne, aliyemaliza chanjo, hucheza chumba kimoja na fereti, huchokozwa, huumwa kidogo, hujifunza kwamba kiumbe kile chembamba ni mwenzake. Mbwa waliolelewa hivi wengi wao huwa na utulivu ambao hauji kwa mafunzo ya baadaye.

Kasoro yake iko ndani ya mchezo wenyewe. Fereti akifurahi hukunja mgongo, huruka kando kando, hufungua kinywa na kutoa sauti ya haraka haraka kama kuku anayeita vifaranga. Ni mwaliko wa kucheza. Mtoto wa mbwa huuitikia kama mbwa: hupiga kwa miguu ya mbele, hukimbiza, hudaka shingo. Fereti wenyewe kwa wenyewe hushikana shingo kwa meno, na ngozi yao pale ni nene, kwa hiyo fereti halalamiki mapema. Wiki zinapita. Mtoto wa kilo tatu anakuwa mbwa wa kilo kumi na tano, na mchezo ni ule ule: fereti akikimbia, mkimbize. Bila kukusudia umemfundisha, mara mia kadhaa, kitendo kile kile ambacho shimoni kitamuua mwenzake.

Nimeliona hili kwa mbwa wangu mwenyewe, teria aliyekua na majike wawili wa fereti. Nyumbani hakuwahi kumkwaruza hata mmoja. Siku ya kwanza shimoni fereti alitoka ghafla, akakimbia hatua chache, na mbwa akamrukia kabla sijatamka jina lake. Kamba ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa fupi, ndiyo iliyomwokoa. Nilirudi nyumbani nikitetemeka. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimewaacha wakimbizane sebuleni miezi mitano nikiuita urafiki.

Tangu siku hiyo nawalea pamoja kwa sharti moja. Wakae pamoja wakiwa wametulia. Wakianza kukimbizana, mbwa anaitwa, anapewa kitu cha kutafuna, fereti anarudishwa kizimbani. Na hawaachwi peke yao. Hata dakika ya kwenda kufungua mlango, mmoja anabebwa.

Chakula nacho kitengwe. Zipo nyumba zinazowalisha kwenye sahani moja ili "wazoeane". Fereti huficha nyama na kuilinda, mtoto wa mbwa naye akishaonja kugombana juu ya nyama hasahau. Sioni faida inayolipa hatari hiyo.

Waya katikati

Fereti yuko kizimbani, mbwa yuko nje amevaa mkanda na kamba, wewe uko kati yao na vipande vidogo vya chakula mfukoni. Kila siku dakika tano, nyingi kumi. Ndiyo njia ya polepole kuliko zote, na ukinilazimisha kuchagua moja tu kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na wanyama hawa wawili pamoja, ningechagua hii.

Lakini kuna wengi wanaoiharibu kwa kumsogeza mbwa karibu mno. Mbwa anabandika pua kwenye waya, fereti anazunguka ndani, mbwa analia, anakwaruza, anatetemeka, na mwenye mbwa anasema "atazoea". Hazoei. Kila dakika ya kukwaruza inamjaza hamu, na waya unamfundisha kwamba upande wa pili kuna kitu cha thamani kubwa asichokifikia. Nimeona teria ambaye baada ya wiki mbili za namna hii alikuwa mkali kuliko siku ya kwanza.

Dawa ni umbali. Anza mahali ambapo mbwa anamwona fereti na bado anakula, anakusikia ukiita jina lake, anaweza kugeuza kichwa. Huenda ni hatua tatu, huenda ni hatua kumi na tano. Msome mwili: kinywa kilichofungwa ghafla, pumzi iliyosita, kichwa kilichoshuka sawa na mabega, mkia uliokakamaa, macho yasiyotoka mahali pamoja. Hizo ni dalili za mwindaji, na maana yake ni kwamba mmekaribia mno. Rudini nyuma. Mbwa mwenye mkia legevu, anayeangalia kizimba kisha anakuangalia wewe, ndiye anayejifunza. Mzawadie hapo hapo anapogeuza macho kutoka kwa fereti, kwa hiari yake, bila kuitwa. Kitendo hicho kidogo cha kugeuza macho ndicho kitu cha thamani zaidi utakachomfundisha.

Siku za mwanzo fanya zoezi fereti akiwa amelala. Kwa kuwa hulala sehemu kubwa ya siku, nafasi hazikosekani. Baadaye awe macho lakini ametulia, kisha akila, kisha akicheza. Ndani ya kizimba kuwe na kisanduku cha kujificha, kwa sababu fereti naye ana moyo. Anayenyemelewa kila siku bila pa kukimbilia huanza kuzomea na kuuma, na fereti mwenye hofu ni mwalimu mbaya. Matundu ya waya yawe madogo kiasi kwamba pua ya mbwa haipiti wala jino la fereti halitoki.

Mkononi

Hapa kuna watu wawili. Mmoja anashika kamba ya mbwa, mwingine amemshika fereti, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba nyuma. Mbwa anasogezwa anuse mgongo au kiuno cha fereti, si uso, sekunde mbili tatu, kisha anaitwa na kuzawadiwa. Mara nne au tano, basi kwa siku hiyo.

Uzuri wake ni uwazi. Mbwa anamwona fereti mikononi mwa bwana wake, anaelewa kwamba ni mali ya nyumba, na wewe unapata jibu haraka kuhusu mbwa uliye naye. Kwa mbwa laini, hasa spanieli, mbwa wa kunusa na kuleta windo, ambao wengi wao humtazama mtu kabla ya kutenda, njia hii peke yake inaweza kutosha ndani ya wiki chache.

Ubaya wake ni kwamba hakuna kizuizi. Mbwa akichomoka, kilichopo kati ya meno yake na fereti ni vidole vyako. Fereti akishtuka hung'ata na hukataa kuachia, na pua ya mbwa ndiyo iliyo karibu. Kwa hiyo fereti awe jike mtu mzima, aliyezoea kushikwa, aliyeshiba. Wewe uchuchumae au ukae chini. Anayesimama na kumwinua fereti juu ya kichwa cha mbwa anamwalika mbwa aruke, na mbwa anayeruka kufuata kitu mkononi ameshaingia kwenye mchezo wa kunyakua.

Na ile ya kumng'atisha pua

Baadhi ya wazee wa kazi hii husema: mwache fereti amuume mtoto wa mbwa puani mara moja, atamheshimu milele. Nimesikia hadithi za mbwa ambao kwao ilifaa. Sijakutana na sababu ya kuijaribu. Teria akiumwa hukasirika na kuweka kinyongo, na kinyongo hicho utakikuta mdomoni mwa shimo. Spanieli au wipeti (mbwa mwembamba wa mbio) mwenye moyo mwepesi akiumwa huogopa, kisha huanza kukaa mbali na shimo lolote lenye harufu ya fereti, na mbwa asiyekaribia shimo hawezi tena kukuonyesha lipi lina sungura na lipi ni tupu. Pande zote mbili umepoteza.

Kumpiga mbwa au kumfokea kila anapomtazama fereti ni jambo lile lile kwa sura nyingine. Anajifunza kwamba fereti akionekana, maumivu yanafuata. Atatulia ukiwepo. Siku ukigeuza mgongo, atamwondoa anayemletea maumivu.

Mbwa gani, njia gani

Teria aliumbwa kufuata wanyama wadogo hadi chini ya ardhi na kuwaua, na fereti kwa umbo na harufu anafanana sana na alichozaliwa kukitafuta. Huyu apewe waya na umbali mrefu, kwa miezi na si wiki. Ukimpata akiwa mdogo, anza na kitambaa, kisha waya, kisha kukaa pamoja kwa utulivu. Njia ya mkononi kwake ije mwisho, baada ya waya kutoa jibu la kuridhisha.

Mbwa wa mbio kama wipeti na machotara wao wana mtego ambao watu hawauoni. Wanawinda kwa macho. Mbele ya fereti aliyelala au aliyeshikwa mkononi huwa watulivu kiasi cha kukupa matumaini ya uongo. Kinachowaamsha ni mwendo. Kwa hiyo zoezi la fereti aliyelala kizimbani halikuambii lolote kuhusu wipeti. Unachohitaji ni fereti anayetembea, kisha anayekimbia, ndani ya uzio, mbwa akiwa mbali na kamba mkononi mwako, na umbali unapungua polepole sana.

Spanieli na wenzake wa kunusa na kuleta windo kwa kawaida ni wepesi zaidi. Tatizo lao ni upole wenyewe: wapo wanaompenda fereti hadi wanataka kumbeba kinywani na kumletea bwana wao. Kinywa laini ni kinywa bado. Mfundishe "acha" kwa vitu vingine kwanza, kwa muda mrefu, kabla ya kumkaribisha kwa fereti.

Mbwa aliyepita miezi sita na tayari ameshakamata sungura au panya, usimlee pamoja na fereti kana kwamba ni mtoto. Kwake ni waya, na subira. Wengine watafaulu, wengine hawatafaulu, na si haki kumlaumu mbwa kwa hilo.

Kama una mbwa wawili, mzoeze mmoja mmoja. Mbwa wawili wakitazamana juu ya fereti huambukizana moto, na mtulivu humfuata mwenye pupa.

Kutoka nyumbani hadi shimoni

Mbwa hujifunza jambo pamoja na mahali alipojifunzia. "Fereti wa sebuleni" na "kitu kinachochomoka ardhini" ni viumbe viwili kwake mpaka utakapomwonyesha kwamba ni mmoja. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayofanya kazi hiyo yenyewe, na mtu akichagua vizuri nyumbani kisha akaruka hatua hii, amefanya nusu ya kazi.

Mimi huanza na bomba pana uwanjani, lenye urefu wa mita mbili tatu. Fereti anaingia upande mmoja, mbwa ameketi upande wa pili kwa kamba, hatua kadhaa nyuma. Fereti anatoka, mbwa anaangalia, anageuza macho, anapewa zawadi. Ni zoezi la kuchosha na linafaa lichoshe. Likishachosha, badilisha kitu kimoja tu: bomba lifunikwe kwa majani, au fereti atoke haraka, au atoke akiwa amelalishwa kwanza juu ya ngozi ya sungura. Hili la mwisho ndilo lililobadilisha mambo kwangu. Fereti anayetoka kwenye shimo halisi amejipaka harufu ya sungura, pengine na damu, na mbwa anayetegemea pua anamsoma kama windo. Lazima awe amekutana na harufu hizo mbili kwenye mwili mmoja kabla ya siku ile.

Baada ya hapo, shimo tupu. Kisha uwindaji halisi, ambapo mbwa ni mtazamaji: amefungwa au ameshikwa, mbali na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mashimo, anaona sungura wakitoka na fereti wakitoka, na haruhusiwi kufuata yeyote. Safari kadhaa za namna hii kabla ya kumwachia kazi. Sina haraka ya kumpeleka kabla hajakaribia mwaka mmoja, hata akionekana tayari.

Rangi nayo ina uzito wake. Fereti wa rangi ya asili, kahawia yenye weusi, kwenye nyasi kavu na mwanga hafifu anafanana na sungura hata kwa jicho la mtu. Fereti mweupe anaonekana. Kwa msimu wa kwanza wa mbwa mchanga mtumie mweupe ukiwa naye, kwa faida ya mbwa na yako wewe unayeshika kamba.

Siku za joto kali acha kabisa. Fereti hawana uwezo mzuri wa kupoza mwili, na joto linapokaribia nyuzi 30 wako hatarini hata bila mbwa.

Na mbwa ambaye baada ya miezi ya kazi ya haki bado anakakamaa, bado anatetemeka, bado macho hayatoki? Huyo abaki nyumbani fereti wanapotoka. Anaweza kuwa hodari wa kuleta windo, wa kufuata nyayo, wa kuibua ndege vichakani. Fereti wawe na chumba chenye mlango unaofungwa kwa komeo, na kila mtu wa nyumba hiyo ajue kwamba komeo halisahauliki.

Aliyefaulu utamjua hivi. Fereti anatoka shimoni, anajitikisa udongo, anatembea kwa mwendo wake wa kuyumba hadi miguuni mwa mbwa, anapita katikati ya miguu ya mbele akinusa. Mbwa hainamishi hata kichwa. Anaendelea kulitazama shimo.